Miwani ya Rangi ya Chai

Natoka Sake saa kumi na moja, giza bado,
jibini kumi na mbili zimelala tengani,
naelekea Goma, mashariki.
Jioni narudi magharibi.
Hesabu mwenyewe:
asubuhi jua la usoni, jioni jua la usoni,
mgongo wangu haujui hata rangi yake.

Huku kwetu baiskeli tunaiita kinga.
Watu wa pwani wakisikia hucheka,
kwao kinga ni ngao, ni chanjo, ni kiganja juu ya paji.
Basi mimi nilikuwa na kinga isiyo na kinga
mpaka siku ile, penye mikaratusi ya Mugunga.
Nimevaa miwani nyeusi ti ya kaka yangu Bauma,
ile aliyoivaa siku ya ndoa yake,
nikatoka juani nikaingia kivulini,
na shimo lilikuwa pale,
jeusi ndani ya jeusi ndani ya jeusi.
Jibini moja ilibingirika hadi mlangoni pa mshona viatu.
Akaiokota, akaipangusa, akauliza bei.

Ndiyo maana leo niko Birere kwa mama Kanyere.
Meza yake imeota macho.
Wateja wengine wanaomba kioo;
mimi nikaomba kivuli.
"Kivuli?"
Nikapiga magoti, nikaingia uvunguni mwa meza
kati ya ndoo na kandambili za mwanawe,
nikalikodolea jiwe la volkano lililoshikilia mguu wa meza.
Uso wangu naujua. Barabara ndiyo inayonificha mambo.

Nyeusi: uvunguni dunia ilizimwa.
Ya manjano: lo, ukungu wa asubuhi ukafunguka,
kila kokoto likajitaja jina,
lakini jua lilipopanda juu ya mabati
machozi yakanitoka kama ninakata vitunguu.
Ya buluu, ile inayorudisha kila kitu kwa mwenyewe:
Kanyere akajiona ndani yake,
akarekebisha kilemba, akasahau kunitajia bei.

Kisha akafungua kitambaa, taratibu:
"Hii inajibadilisha. Juani nyeusi, kivulini nyeupe."
Kweli inajibadilisha,
ila kwa adabu, kama mgeni anayeamka kwa watu.
Mimi nikiteremka na mzigo, breki moja,
siwezi kuuambia mkaratusi: ngoja kidogo,
kioo changu bado kiko juani.

Chini ya zote ilikuwepo moja,
mkono wake umefungwa kwa waya,
rangi ya chai isiyo na maziwa.
Uvunguni: jiwe lina vitundu vyake vyote.
Nje: mabati yanang'aa, hayachomi.
"Elfu saba."
"Nne. Imevunjika."
"Na waya je? Waya ni wangu."
Tukaishia tano, na kipande cha jibini.

Jioni jua lilikaa juu ya milima ya Masisi
kama mdai mlangoni, hasemi, haondoki.
Rangi ya chai ikachukua makali, ikaniachia njia.
Penye mikaratusi nikaishusha hadi ncha ya pua,
nikachungulia juu yake kama mwalimu mwenye daftari baya:
mstari wa nuru, mstari wa giza, nuru, giza,
na shimo lile, limejaa maji ya mvua,
na ndani ya maji kipande cha mbingu.
Nikalizunguka.

Giza lilipoingia nikaivua.
Papo hapo kidudu kikaingia jicho la kushoto.
Nikaivaa tena, usiku, huku nalengwa na machozi,
nyuma yangu mlima ukiwasha wekundu wake
ambao hakuna aliyeutengenezea kioo.

Nyumbani Ndoole akauliza
kwa nini mume wake anakuja na miwani gizani.
Nikasema: jichoni mna kitu.
Hakucheka.
Akaleta taa.